Jembe na Nyumba: Uchaguzi wa Wabunge wa 1965

Septemba 1965 Waziri wa Fedha wa Tanzania alibwagwa na wapiga kura wa jimbo lake. Nchi ilikwisha kuwa ya chama kimoja kwa mujibu wa katiba, kwa hiyo aliyembwaga hakutoka upinzani. Alikuwa mwanachama wa chama hichohicho, TANU, kama yeye, kapitishwa na Halmashauri Kuu ileile, kazunguka naye jukwaa kwa jukwaa, kanadi sera zilezile. Tofauti yao kwenye karatasi ya kura ilikuwa picha: mmoja jembe, mwingine nyumba.

Waziri huyo alikuwa Paul Bomani, na Mwanza hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka Usukuma akiwashawishi wakulima wa pamba waunde vyama vyao vya ushirika, wapime na kuuza pamba yao wenyewe badala ya kuachia mizani ya wanunuzi waliokuwa wakiwapunja. Kwa jasho hilo likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Bomani aliingia serikalini kabla ya uhuru, akashika Kilimo, kisha Fedha. Kama mwaka ule kulikuwa na orodha ya watu wasioguswa, jina lake lingekuwa juu.

Lakini ushirika ule uliompandisha ulikuwa umegeuka. Mkulima wa Usukuma sasa alimwona karani wa chama cha msingi kama alivyokuwa akimwona mchuuzi wa zamani: pamba inapimwa, makato yanakatwa, fedha inachelewa, na maelezo hayatolewi. Manung'uniko hayo yalizagaa nchini kote kiasi kwamba mwaka uliofuata Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika. Wakulima wa Mwanza hawakuisubiri. Waziri wa Fedha ndiye mtu wa kodi, na muasisi wa ushirika ndiye mtu wa makato. Bomani alikuwa wote wawili, na kura zikamwendea mwenzake.

Ilikuwaje chama tawala, chenye polisi, redio, magari na wakuu wa wilaya, kikapanga uchaguzi ambao mawaziri wake wangeweza kuangushwa? Jibu haliko 1965. Liko miaka mitano nyuma, katika ushindi uliokuwa mkubwa kupita kiasi.

Agosti 1960 Tanganyika ilipiga kura ya wabunge ambayo ndiyo ingetoa serikali ya kuelekea uhuru. Majimbo yalikuwa 71. Katika majimbo 58 mgombea wa TANU alipita bila kupingwa. Hakuna sanduku lililofunguliwa, hakuna kituo kilichopangwa. Wananchi wa majimbo hayo walijiandikisha, wakasubiri siku, siku ikapita wako mashambani. Kura zilipigwa katika majimbo 13 tu, na TANU ikashinda 12. African National Congress ya Zuberi Mtemvu, aliyejitenga na TANU mwaka 1958 kwa kupinga uamuzi wa mkutano wa Tabora wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, uliopangwa kwa rangi, haikupata kiti hata kimoja. Miaka miwili baadaye, Novemba 1962, Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais wa jamhuri mpya. Alipata kura 21,276. Nyerere alipata 1,127,978.

Jimbo moja lililoponyoka mwaka 1960 lilikuwa Mbulu, na ndilo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote 70. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu walikuwa na mtu wao mwingine, Herman Sarwatt, naye akasimama kama mgombea binafsi. Sarwatt hakuwa mpinzani wa TANU. Alikuwa mwanachama. Akashinda, akaenda bungeni, akakaa pamoja na wenzake wa TANU kama vile hakuna kilichotokea. Kwa jicho la makao makuu ilikuwa aibu. Kwa mtu mwenye kufikiri ilikuwa ishara: watu wa Mbulu hawakuikataa TANU, walikataa kuchaguliwa mtu na TANU. Katika majimbo 58 hakuna aliyepata hata nafasi ya kuonyesha tofauti hiyo.

Nyerere aliiona. Kijitabu chake cha mwaka 1963 juu ya demokrasia na mfumo wa vyama kinajadili jambo hili kwa uwazi ambao wafuasi wake wengi hawakuupenda. Hoja yake, kwa kifupi: pale ambapo chama kimoja kimekuwa sawa na taifa lenyewe, kung'ang'ania mashindano ya vyama kunamnyima mwananchi kura badala ya kumpa. Mpiga kura wa TANU anayemchukia mgombea wa TANU hana pa kwenda, kwa sababu akimpigia mwingine ataonekana msaliti wa uhuru. Halafu wabunge wenyewe, wakishafika bungeni, wanafungwa mdomo na nidhamu ya chama. Mabishano ya kweli yanafanyika faraghani kwenye kikao cha wabunge wa chama, na bungeni wanakuja kupiga makofi. Siasa za vyama viwili alizilinganisha na mchezo wa mpira. Suluhisho lake lilikuwa kufungua milango ya chama kwa kila raia, kisha kuacha ushindani ufanyike ndani.

Hoja hii ina nguvu, na ina tundu. Nguvu yake ni majimbo 58. Tundu lake ni kwamba kufikia 1963 wapinzani hawakuwa dhaifu kwa kukosa watu peke yake. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilipitishwa 1962. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli aliyejiuzulu ubalozi wa London akaanzisha chama chake cha upinzani, aliishia kizuizini. Kusema kwamba wananchi wote wako ndani ya TANU ni rahisi zaidi pale ambapo kukaa nje yake kuna gharama.

Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka mzima ukapita bila hatua. Kisha Januari 1964 ikaja na mambo yote kwa mkupuo: mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12, maasi ya askari wa Tanganyika Rifles kambini Colito tarehe 20, Rais kujificha, wanajeshi wa Uingereza kuitwa kuwanyang'anya silaha waasi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi kukamatwa kwa mamia. Katika mwezi huohuo Nyerere aliunda tume ya kupendekeza katiba ya chama kimoja, chini ya Rashidi Kawawa. Hadidu za rejea zilikuwa bayana. Tume haikuulizwa kama chama kiwe kimoja. Hilo lilikwisha amuliwa. Iliulizwa chama hicho kimoja kitakuwaje cha kidemokrasia.

Tume ilizunguka nchi, ikapokea maoni, ikatoa taarifa yake Machi 1965. Ilikataa kuweka hati ya haki za raia ndani ya katiba, kwa hofu kwamba mahakimu wangeitumia kuzuia mipango ya serikali. Badala yake ikapendekeza chombo cha kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji, kilichokuja kuitwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na Chifu Erasto Mang'enya akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kuhusu uchaguzi, tume ilitoa utaratibu ambao haukuwa umejaribiwa popote katika nchi jirani. Katiba ya muda ikapita Julai. Miezi miwili baadaye ilikuwa siku ya kupiga kura.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi. Mwana-TANU yeyote aliyetaka ubunge alihitaji wadhamini 25 wa jimbo lake. Majina yote yalipelekwa kwenye mkutano mkuu wa wilaya wa TANU, wajumbe wakayapigia kura na kuyapanga kwa mfuatano wa kupendwa. Orodha ikapanda Dar es Salaam. Halmashauri Kuu ya Taifa ikachagua majina mawili, na safari ile ya kwanza, mara nyingi mno, ikayafuata yale mawili yaliyoongoza wilayani. Ilikuwa na uwezo wa kuruka yeyote. Uwezo huo ulitumika kwa uchache, na uchache huo ndio uliowafanya watu waamini.

Majimbo ya bara yalikuwa 107. Katika 101 kati yake wagombea wawili walisimama. Sita tu yalipita bila kupingwa. Linganisha na 1960. Kwa hesabu hii peke yake, mwananchi wa Tanzania ya chama kimoja alipata kura ambayo mwananchi wa Tanganyika ya vyama vingi hakuipata, na mtu anayetaka kuubeza uchaguzi wa 1965 lazima kwanza apite hapo. Zaidi ya hilo, aliyeruhusiwa kupiga kura hakulazimika kuwa mwanachama. Raia yeyote aliyejiandikisha, awe na kadi ya TANU au hana, aliamua kati ya wawili wale.

Masharti ya kampeni yalikuwa makali, na mengine yangewashangaza wagombea wa leo wanaokodi wasanii. Mgombea hakuruhusiwa kuitisha mkutano wake mwenyewe. Mikutano yote iliandaliwa na chama wilayani, na wagombea wote wawili walihutubia mkutano mmoja, mmoja baada ya mwingine, kisha wakaulizwa maswali. Wasimamizi wa chama walikaa jukwaani kuangalia. Kugusa kabila, dini au rangi kulikatazwa. Kudai kwamba Mwalimu Nyerere anakupendelea kulikatazwa. Na lugha ilikuwa Kiswahili, hata kijijini ambako nusu ya waliokuja wangeelewa zaidi kwa Kisukuma, Kihaya au Kimasai. Sharti hili la mwisho liliwaumiza wazee wenye ushawishi wa ukoo, ambao uhodari wao wote wa kusema ulikuwa katika lugha ya nyumbani, na likawanufaisha walimu wa shule, makarani na watumishi wa chama.

Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama. Jembe na nyumba zilichaguliwa kwa sababu hazina ubaya wala uzuri kwa yeyote. Kila mtu analo jembe, kila mtu anayo nyumba. Nadhani waliozichagua hawakuwajua Waswahili vizuri. Wagombea waliokatazwa kusema juu ya kabila, dini, rangi na Rais walibaki na kitu kimoja ambacho hakikukatazwa, yaani zile picha, na wakazigeuza uwanja wa malumbano. Mwenye jembe alisimama akaeleza kwamba bila jembe hakuna chakula, hakuna pamba, hakuna kahawa, na kwamba hata msingi wa hiyo nyumba unachimbwa kwa jembe. Mwenye nyumba akajibu kwamba mkulima akimaliza kazi harudi kwenye jembe, anarudi nyumbani, na jembe lenyewe mvua ikinyesha linaingizwa ndani. Mmoja akawaonya watu kwamba nyumba huungua. Mwingine akauliza nani alishazaliwa kwenye jembe. Wengi waliamini mwenye jembe ana bahati, kwa sababu kaulimbiu ya serikali ilikuwa Uhuru na Kazi, na picha ya kazi ni jembe.

Timu ya watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam iliyofuatilia kampeni zile, ikiongozwa na Lionel Cliffe, ilichapisha kitabu kizima 1967, na sehemu kubwa ya tunayoyajua yanatoka humo. Walichokikuta wilayani hakikuwa mjadala wa ujamaa wala wa siasa za nje. Watu waliuliza: barabara iko wapi? Kisima je? Wewe uliyekuwa mbunge tangu 1960, ulikuja hapa mara ngapi? Mbunge aliyehamia Dar es Salaam, akajenga, akasahau njia ya kurudi, alikuwa na kazi ngumu, hata kama jina lake lilisikika redioni kila wiki. Pengine hasa kama jina lake lilisikika redioni kila wiki.

Kura zilipohesabiwa, wabunge wengi wa zamani walikuwa nje. Mawaziri wawili walianguka, na mawaziri wadogo kadhaa. Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyeijaza TANU wanawake wa Dar es Salaam na pwani katika miaka ya mwanzo, ambaye sauti yake ilijulikana kila ilikofika TANU, alikosa kiti Rufiji. Kwa wale waliodhani sifa za kupigania uhuru ni mtaji usioisha, Rufiji ilisema vingine. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam. Amir Jamal, Mhindi, alishinda Morogoro, na Bomani alipoanguka, Jamal ndiye aliyepewa Fedha. Miaka saba tangu ile kura tatu ya mpangilio wa rangi, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, wapiga kura weusi walimchagua Mwasia na Mzungu bila kulazimishwa na mtu.

Bomani naye hakupotea. Alirudi bungeni kwa mlango usiopita kwa wananchi wa jimbo, akapewa wizara ya mambo ya uchumi na mipango ya maendeleo, na baadaye akawa balozi nchini Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Mlango huo unastahili kutazamwa. Bunge la 1965 lilikuwa na wajumbe zaidi kidogo ya 200, na 107 tu ndio waliotoka kwenye masanduku ya kura. Wengine walikuwa wakuu wa mikoa, wateule wa Rais, wabunge wa Taifa waliopitia taasisi, na wajumbe wa Zanzibar, wakiwemo wa Baraza la Mapinduzi. Zanzibar haikuchagua mbunge hata mmoja kwa kura ya wananchi. Kule chama pekee kilikuwa ASP, na kiongozi wake, Karume, hakuficha kwamba hana haraka na uchaguzi. Wazanzibari walishiriki kura ya urais tu, ile ya ndiyo au hapana, ambayo Nyerere aliipata kwa zaidi ya asilimia 96.

Kwa hiyo mwananchi alikuwa amepewa kisu chenye makali, na amri ya kukata mahali pamoja tu. Angeweza kumwondoa mtu. Hakuweza kuiondoa sera, wala chama, wala Rais, kwa maana hapana ya 1965 haikuwa na mtu wa kumweka mahali pa ndiyo. Waandaaji hawakuficha hili, walilitaka. Swali walilojiwekea ni kama mbunge aliyechaguliwa kwa kushindana kweli, asiyetishwa na chama cha upinzani, angesema bungeni yale ambayo mbunge wa 1960 hakuyasema.

Kwa muda, alisema. Bunge la kati ya 1965 na 1968 lilikuwa na watu wasiotulia. Joseph Kasella-Bantu wa Nzega na Eli Anangisye wa Rungwe walihoji, waliuliza kuhusu madaraka ya wakuu wa mikoa, kuhusu marupurupu ya viongozi, kuhusu nani yuko juu ya nani kati ya Bunge na chama. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: sisi tumechaguliwa na wananchi wote, Halmashauri Kuu imechaguliwa na wanachama wa TANU, basi wa kuwasikiliza ni nani? Ni swali ambalo uchaguzi wa 1965 ulikuwa umelizaa wenyewe, na chama hakikuwa na jibu isipokuwa kufukuza.

Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ilikutana Tanga. Ikawafukuza uanachama watu kadhaa, wakiwemo Kasella-Bantu na Anangisye pamoja na Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mkuu wa TANU na ambaye tangu Julai 1967 alikuwa amekimbilia London. Katiba ilisema mbunge lazima awe mwanachama. Asiye mwanachama hana kiti. Hapakuwa na haja ya kuwashtaki, wala kuwarudisha kwa wapiga kura wa Nzega na Rungwe kuwauliza. Watu waliochagua hawakushirikishwa katika kuondoa. Ukitaka kujua mpaka wa demokrasia ya chama kimoja ulikuwa wapi, ulikuwa pale Tanga.

Bibi Titi, baada ya kushindwa Rufiji, aliachana na uongozi wa chama 1967 kwa kutokubaliana na masharti ya Azimio la Arusha. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha 1971, akaachiwa kwa msamaha wa Rais 1972.

Uchaguzi wa wabunge uliendelea kila baada ya miaka mitano: 1970, 1975, 1980, 1985, 1990. Jembe na nyumba vikaendelea. Ushindani uliendelea pia, na ni kosa kusema ulikuwa maigizo. Mwaka 1980, nchi ikiwa imechoshwa na vita vya Uganda na maduka matupu, takriban nusu ya wabunge waliotetea viti waliangushwa. Kilichobadilika ni mazingira ya juu. Mwaka 1975 katiba ilirekebishwa kutamka kwamba chama kimeshika hatamu, na shughuli zote za siasa nchini zitafanywa ndani yake au chini yake. Mwaka 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa chama kimoja, CCM. Halmashauri Kuu, ambayo 1965 ilikuwa ikifuata orodha za wilaya, ilizoea kalamu nyekundu: mtu aliyeongoza wilayani akakatwa bila maelezo, wa tatu akapandishwa. Wananchi wakaendelea kuangusha wabunge kwa sababu zilezile za barabara na visima, na bei ya pamba ikaendelea kupangwa kwingine.

Jirani Kenya ilichukua njia yake, na nitaigusa tu, maana inasaidia kupima. Chama cha KPU cha Oginga Odinga kilipigwa marufuku 1969, na Desemba mwaka huo chama tawala, KANU, kikawaacha wanachama wake wagombanie viti kwa uhuru mkubwa; wabunge wengi na mawaziri kadhaa walianguka. Hakukuwa na mikutano ya pamoja wala marufuku ya fedha. Mwenye pesa alimwaga. Kisha 1988 ukaja mlolongo: wapiga kura wa KANU wakapangwa mstari nyuma ya picha za wagombea, mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 hakuhitaji tena kura ya siri. Sehemu nyingine mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mbele ya macho ya waliokuwa wamesimama humo. Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri Desemba mwaka huo baada ya uchaguzi wa ndani wa KANU uliofuata kuvurugwa, na kutoka hapo njia ilikuwa moja hadi madai ya vyama vingi. Tanzania ya chama kimoja, pamoja na yote, haikufikia kuwaambia watu kwamba mstari wanaouona si mstari.

Vyama vingi vilirudi Tanzania kwa namna ya kipekee. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, iliwauliza wananchi, na takriban asilimia 80 walisema wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, ikizingatia kwamba wachache wale wana haki yao na kwamba hata wengi waliotaka chama kimoja walikuwa na orodha ndefu ya mabadiliko wanayoyataka. Sheria ikaanza kutumika 1 Julai 1992. Uchaguzi wa 1995 CCM ilichukua viti 186 kati ya 232 vya majimbo.

Jambo moja la 1965 lilipotea katika mabadiliko hayo, na sijaona likililiwa. Zamani chama kiliwapelekea wananchi majina mawili. Leo kinapeleka moja. Katika majimbo mengi ambako CCM haina mpinzani wa kutisha, mbunge hupatikana kwenye kura za maoni za wanachama, kisha vikao vya juu vinapitisha au vinakata, na Oktoba ikifika mwananchi asiye na kadi anakuta kazi imekwisha. Yule wa 1965 asiye na kadi alikuwa bado na jembe na nyumba mbele yake.

Na jambo moja la 1965 lilibaki. Katiba ya muda ilitaka mgombea awe mwanachama wa TANU. Marekebisho ya 1992 yalitaka awe mwanachama wa chama, chochote. Njia aliyopita Herman Sarwatt kuingia bungeni imefungwa tangu 1965. Mchungaji Christopher Mtikila aliishtaki serikali akitaka mgombea binafsi aruhusiwe, na Mahakama Kuu ikakubaliana naye 1994. Bunge likarekebisha katiba ili kufuta ushindi huo. Akarudi mahakamani, akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikamtengua 2010 kwa kusema suala hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, na Juni 2013 majaji wakaamua kwamba Tanzania imekiuka haki yake, wakaiagiza irekebishe katiba. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, na uchaguzi huo, kama uliotangulia, haukuwa na mgombea binafsi hata mmoja.